Bodi ya AMCOS inaajiri mtunza ghala: tufanyeje ili jina la mtu lisiamue?

MjumbeNewala:
Wakuu, habari za humu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Newala, mwanamke peke yangu kwenye bodi. Kabla mizani hazijafunguliwa msimu huu wa korosho lazima tumpate mtunza ghala na karani wa mizani. Tangazo tulibandika ofisi ya kijiji, likasomwa msikitini na kanisani, na barua zimeshapita hamsini.

Ninachokiogopa ni yale niliyoyaona kwenye chama kingine nilipokuwa mwanachama wa kawaida. Barua ikifunguliwa, cha kwanza kusomwa ni jina. "Huyu si mtoto wa fulani?" "Huyu Mmakua, atakaa kweli?" Kuna binti mwenye astashahada ya uhasibu, barua yake iliwekwa pembeni kwa sababu ana mtoto mchanga. Wakaamua wao kwamba hataweza kubaki ghalani lori likichelewa. Hakuna aliyemwuliza. Aliyepewa kazi alishindwa hata kujumlisha stakabadhi, kilo zikawa zinapishana kati ya mizani ya chama na ghala kuu, na wakulima waliopalilia na kupuliza salfa mwaka mzima wakakaa wanasubiri hela zao.

Sitaki hilo litokee kwetu. Naomba mbinu ambazo watu wa kijijini wasio na kompyuta wanaweza kuzifanya. Je, kuficha majina kuna faida mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake?

MstaafuLindi:
Mama mjumbe, hongera kwa kuliwaza mapema. Nilikuwa afisa utumishi halmashauri mpaka nilipostaafu, sasa nipo Lindi mjini.

Kuficha majina kuna faida. Mwaka 2004 watafiti wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha jaribio walilolifanya Boston na Chicago, Marekani. Walituma kwa waajiri wasifu wa watu wa kubuni wenye sifa zinazolingana, wakabadilisha majina tu. Wenye majina yanayosikika ya Wazungu waliitwa mara moja katika kila maombi 10 hivi, wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi mara moja katika kila 15. Hakuna mwajiri aliyekuwa ameonana na mtu. Na jina la huku kwetu linasema mengi kuliko hayo: linakupa dini, kabila, mara nyingine na ukoo.

Tafuteni mwalimu kutoka kata nyingine asiye na kura. Afungue bahasha, kila mwombaji ampe namba, kisha ajaze karatasi moja: elimu, kazi alizowahi kufanya, uzoefu wa mizani na vitabu vya fedha. Picha, umri, ndoa, kijiji alichozaliwa na barua ya mtendaji vibaki kwenye faili alilofunga yeye. Bodi isome karatasi za namba tu.

Lakini kabla ya hapo, na hili msiliruke, kaeni muandike mnataka sifa zipi na kila moja ina alama ngapi. Bahasha zikiwa bado zimefungwa. Nimeshuhudia kamati iliyotaka cheti cha uhasibu. Mpwa wa mtu alipoleta barua bila cheti, ghafla ikaonekana kwamba uzoefu ndio muhimu kuliko cheti.

Na nimemtaja mpwa kwa makusudi. Fomu nyingi za kutamka undugu zinauliza mke, mume na mtoto. Kusini huku haitoshi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana mzigo mkubwa kwa watoto wa dada yake. Mjumbe anaweza kusaini kwamba hana mtoto kati ya waombaji, na ikawa kweli, huku mpwa aliyemlipia ada yumo. Andikeni "mpwa" wazi kwenye fomu. Mwenye ndugu atoke chumbani kabisa. Kukaa kimya huku wenzake wanamtazama usoni hakusaidii.

Siku ya usaili jina haliwezi kufichwa tena. Hapo kinga yenu ni maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa kila mtu, na kila mjumbe aandike alama baada ya kila jibu kabla hajasema neno. Mwaka 1920 Edward Thorndike alieleza alichokiona kwenye alama ambazo maofisa wa jeshi la Marekani waliwapa askari wao: aliyesifiwa kwa jambo moja, mfano umbo, alisifiwa na kwa akili na uongozi. Ndiyo maana alama ziandikwe swali kwa swali. Na mwenyekiti aseme wa mwisho. Mzee akishatamka "huyu kijana nimempenda", nani mdogo wake atampinga?

KijanaMasasi:
Shikamoo mzee. Kwenye undugu nakubali, kwenye kijiji nakataa. Vijana wa mkoa huu wa Mtwara tumeona gesi ikitoka Mnazi Bay huku wengi wetu tukiendelea kutafuta kazi. Sasa hata AMCOS, mali ya wakulima wenyewe, nako tufiche mtu anatoka wapi? Mwenyeji kwanza. Mgeni akiharibu anapanda basi, utampata wapi?

MjumbeNewala:
Kaka, uchungu huo naujua, nina watoto wa rika lako nyumbani. Lakini yule aliyeshindwa kujumlisha alikuwa mwenyeji, kwao na ghala ni kuvuka barabara.

Nadhani tunachokitaka ni vitu viwili. Kwanza, mtu atakayepatikana mali ikipotea. Basi tudai wadhamini wanaoeleweka, kwa kila mwombaji. Pili, mtu anayeelewana na wakulima. Bibi aliyeleta gunia lake moja haelewi maneno ya ofisini, anataka aelezwe makato kwa Kimakonde mpaka aridhike. Basi tulipime hilo lenyewe: kila aliyeitwa amweleze mama mkulima makato ya stakabadhi, tumsikilize. Mmakua aliyekulia hapa Newala anaweza kupata alama zote, na Mmakonde aliyekulia Dar es Salaam akakosa.

MstaafuLindi:
Hapo umemaliza, mama. Na ndivyo sheria ilivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa kabila au mahali mtu atokako, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu na mengineyo, na kinagusa hata matangazo ya kazi na vigezo vya uchaguzi. Kinachoruhusiwa ni sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Kuzungumza na mkulima kazi inadai. Kuzaliwa kijijini haidai.

Kwa hiyo na "una mtoto mchanga?" lifutwe. Mwelezeni kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, kwamba lori huweza kufika usiku, mwulizeni kama ataweza.

KaraniNdanda:
Dada, mimi nipo kwenye mizani hapa Ndanda. Maneno ya usaili yanawapendelea wasemaji. Wapeni kazi yenyewe.

Waachieni mizani ambayo hamjairudisha kwenye sifuri, mseme "pima gunia hili". Anayeijua kazi ataangalia sifuri kwanza. Wapeni korosho zilizochanganywa watenge daraja la kwanza na la pili. Wapeni nakala za stakabadhi zilizofutwa majina, moja ina kosa la kujumlisha, walitafute. Mwisho waulizeni: mtu wa kangomba, anayenunua korosho za wakulima kwa magendo, ameleta magunia kwa jina la mkulima asiye na mikorosho mingi kiasi hicho, unafanyaje?

Na kama tangazo limesema "mwanamume mwenye nguvu", libandueni. Magunia wanabeba makuli.

MjumbeNewala:
Limesema hivyo hivyo. Nitalipeleka kwenye kikao cha Jumamosi libadilishwe, na muda wa kupokea barua uongezwe ili akina mama walioliona wakakata tamaa nao waombe. Mzee, naomba mfano wa hiyo fomu ya undugu.

MstaafuLindi:
Nitaiandika humu humu leo jioni. Na karatasi za alama zisichanwe baada ya usaili. Kila mjumbe asaini yake, zikae ofisini, na mwombaji aliyekosa akija kuuliza afunguliwe faili aone alama zake swali kwa swali.