Mjadala: Tiketi ya Machi apewe aliyeongoza ligi, au aliyeshinda mtoano wa siku nne?

Mleta mada

Wadau, kila Februari inapokaribia kuisha na watu kuanza kupiga hesabu za nani ataingia mashindano ya NCAA, yale makubwa ya kikapu cha vyuo ya kila Machi, sisi wa Terre Haute, Indiana, kidonda chetu kinatoneshwa upya. Ni kidonda cha 2024, na mimi hakijanipona. Leo nataka tulijadili suala lenyewe: kwenye konferensi ndogo (kundi la vyuo vinavyocheza ligi yao) kama Missouri Valley yetu, tiketi ya moja kwa moja ni haki ya nani?

Kwa wasiofuatilia kikapu cha vyuo huku Marekani: timu za daraja la kwanza ni zaidi ya 350, zilizoingia mashindanoni 2024 zilikuwa 68. Mwaka ule nafasi 32 zilikwenda kwa mabingwa wa konferensi, na 36 zilizobaki kamati ikachagua yenyewe. Lakini huyo anayeitwa bingwa wa konferensi siye aliyeongoza msimamo. Ni aliyeshinda mtoano wa mwanzoni mwa Machi. Sisi tuliokulia kwenye ligi za soka hili linatuwia gumu kumeza: unaongoza ligi hadi mwisho, unateleza jioni moja, tiketi inakwenda kwa mwingine.

Indiana State, timu yetu, msimu ule ilicheza michezo 20 ya konferensi, ikashinda 17. Mliowahi kuiona mnajua ule haukuwa ushindi wa kubahatisha. Robbie Avila, kijana mnene kidogo mwenye miwani ya kuchezea, alikuwa anapokea mpira karibu na mstari wa mitupo huru, mgongo kwa goli. Anatulia. Mwenzake anajifanya anakuja kuupokea, ghafla anageuka na kukimbilia golini, na kabla beki hajageuza shingo pasi imeshapita chini ya kwapa lake. Hulman Center nzima, uwanja wetu, inasimama. Februari timu ikaingia kwenye orodha ya timu 25 bora za nchi ya shirika la habari la AP kwa mara ya kwanza tangu 1979, enzi za nyota wetu Larry Bird.

Halafu ikafika Machi 10, fainali ya konferensi mjini St. Louis. Drake 84, Indiana State 80.

Jumapili iliyofuata, siku ya kutangaza timu, mwanangu alikaa sakafuni na jedwali tupu na penseli, anaandika kila jina linavyotajwa. Tulikuwa tumeshinda michezo 28 na kupoteza 6, na kwenye orodha ya NET ya kupanga ubora wa timu, inayotumiwa na kamati yenyewe, tulikuwa ndani ya 30 bora. Kanda zote nne za mashindano zikaisha kutajwa, jina letu halipo. Mtoto akaigeuza ile karatasi kuangalia kama kuna mistari mingine nyuma.

Virginia iliitwa. Ikaenda Dayton kwenye michezo ya awali, ikafungwa na Colorado State 67-42. Sisi tukapelekwa NIT, mashindano madogo ya walioachwa, tukazitoa SMU, Minnesota, Cincinnati na Utah, tukapoteza fainali kwa Seton Hall 79-77. Baada ya hapo kocha Josh Schertz akahamia chuo cha Saint Louis na Avila akamfuata. Timu ya kizazi kizima ikasambaratika bila kuonja mashindano makubwa.

Msimamo wangu: tiketi apewe aliyeongoza ligi. Miezi miwili ya kusafiri kwa basi kwenye theluji, ukicheza nyumbani na ugenini, inapima timu kuliko siku nne za St. Louis. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole, lakini umeruka kitu. Mara tu mlipoingia 25 bora mlifungwa na Illinois State, nyumbani kwenu, kisha siku chache baadaye na Southern Illinois. Mngeshinda hiyo miwili, kamati ingepata shida sana kuwaacha. Mlikuwa na ushindi mmoja tu kwenye michezo ya kundi la kwanza la NET, ile migumu zaidi. Kamati iliangalia hilo.

Na ukiufuta mtoano unaifuta Machi yenyewe. Mwaka huohuo NC State ilimaliza ya 10 kwenye konferensi ya ACC. Ilikuwa imekwisha. Ikashinda michezo mitano ndani ya siku tano, ikachukua tiketi, ikafika hadi nne bora. Kwa sheria yako vijana wale wangebaki nyumbani.

Mchangiaji wa pili

Ndugu, hata mimi niliumia, ila niulize jambo moja. Tuseme sheria yako ilikuwepo. Tiketi mnapewa nyinyi. Drake je? Naye alishinda 16 kati ya 20 kwenye konferensi, akawafunga fainali, na kwenye NET alikuwa chini yenu. Kama kamati iliwaacha nyinyi wenye namba nzuri zaidi, yeye angepona wapi? Ungekuwa umehamisha kilio kutoka Terre Haute kukipeleka Des Moines, kwao Drake.

Shida ni zile nafasi 36. 2006 Missouri Valley ilipeleka timu nne, na mbili kati yake, Wichita State na Bradley, zikafika 16 bora. Leo kupata mbili ni muujiza. Wichita State, Creighton na Loyola Chicago wote wameshahama konferensi. Tuliobaki tunaambiwa tutafute ushindi mkubwa, wakati hao wakubwa hawakubali kuja kucheza kwenye viwanja vyetu.

Mleta mada

Nimewasoma, asanteni. Naanza na wa pili kwa sababu amenigusa panapouma. Ni kweli, Drake angeachwa, na sikuwa nimeitazama upande huo. Drake hakutuibia kitu. Alishinda uwanjani.

Kwa wa kwanza: hiyo michezo miwili ya Februari naikubali, tuliipoteza wenyewe. Ila hilo la kundi la kwanza silikubali jinsi ulivyoliweka. Ili mchezo uingie humo unapaswa kumkuta mtu aliye ndani ya 30 bora kwako, ndani ya 50 bora kwenye uwanja usio wa yeyote, au ndani ya 75 bora kwake. Timu ya ACC inapata michezo ya namna hiyo kila wiki bila kuomba. Sisi msimu mzima tuliipata mitano, na kati ya hiyo mmoja tulikwenda Alabama na mwingine Michigan State. Nani kati yao atakuja Terre Haute? Mtu hapewi nafasi ya kufanya mtihani, halafu anahukumiwa kwa alama ndogo. Na NC State ni ya konferensi kubwa. Pale mtoano ukimpa mtu wa 10, wakubwa wengine bado wanateuliwa na kamati. Kwetu tiketi ni moja, ikienda imekwenda.

Kwa hiyo nabadilisha pendekezo. Mtoano ubaki, lakini mchezo uchezwe kwa yule aliyemaliza juu zaidi kwenye msimamo, hadi fainali. America East wanafanya hivyo, Patriot League pia. Najua gharama yake: Missouri Valley imekuwa St. Louis tangu 1991, na kuna familia zinapanga likizo kwa ajili ya wikiendi ile, zinakutana na mashabiki wa vyuo vyote mahali pamoja. Si kitu kidogo, na wa Iowa na Illinois mnaweza kunikatalia kwa haki kabisa.

Ila nitazameni hili. Msimu ule Drake alitufunga kwake, Des Moines. Alipokuja Hulman Center tukamfunga. Tulikuwa sawa, na tofauti yetu kwenye msimamo ilikuwa mchezo mmoja tu. Huo mmoja tuliutolea jasho tangu Desemba, na siku ya fainali haukutupa hata kiti kimoja cha ziada cha shabiki wetu. Fainali ile ingechezwa Terre Haute na Drake akashinda, ningempigia makofi na kwenda kulala.

Wa Drake mliopo humu, mngekubali kuja?