Tupeane uzoefu: tairi na rimu za trekta ndogo, uliweka saizi gani na ikakufanya nini?

Mwana_Usangu
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Chimala nimekuta Kubota ndogo imepaki kando ya lami, tairi za mbele mpya kabisa kashata (yale meno ya tairi) zinang'aa, za nyuma vipara, dereva kalala chini anachungulia difu ya mbele (boksi la gea za ekseli) mafuta yanachuruzika. Nikamkumbuka shemeji yangu. Alichukua mtumba wa Japani, nyuma 11.2-24 mbele 7-16 (namba ya kwanza upana wa tairi, ya pili rimu, kwa inchi). Za mbele zilipoisha dukani hawana 7-16, wakamwambia chukua 8-16 zinaingia rimu hiyohiyo, pana zaidi, kukwama utakusahau. Na kweli msimu wa majaruba alitamba. Kiangazi akaanza kubeba tofali na tela, foo wili (magurudumu yote manne yanavuta) imewekwa haitolewi, lami kavu tupu. Ikaanza kulia huko mbele kama mtu anasaga karanga, dereva akaongeza sauti ya redio. Walipofungua difu, meno ya gea wameyakuta chini kwenye mafuta.
Sasa na yangu zamu imefika ya kubadili zote nne. Waliopitia mwageni.

kashata_moja
Dah, "dereva akaongeza sauti ya redio" 😂😂 nawajua hao. Nakaa hapa kusoma.

FundiDifu
Tatizo la shemeji yako si upana ni kimo. Trekta ya foo wili tairi za mbele zimepangiwa kutangulia kidogo tu, kama asilimia 1 mpaka 5 kuliko za nyuma. Ukiweka mbele kubwa zaidi ya ilivyopangwa au ukiacha za nyuma ziishe kabisa huku mbele mpya, mbele inavuta nyuma inazuia, kwenye tope inateleza husikii kitu, kwenye lami haina pa kutelezea hivyo nguvu yote inaishia kwenye gea. Kabla ya kununua chora chaki kwenye ubavu wa tairi, sogeza trekta tairi lizunguke mara moja, pima chini umetembea sentimita ngapi, mbele na nyuma. Mpya ziwe na uwiano uleule. Na lami ni tuwili, foo wili toa.

Mama_Jaruba
Mimi nipo upande wa Ifakara. Hao wauza tairi watakuuliza saizi tu hawakuulizi unalima nini. Kwenye mpunga R1, ile aina ya kashata za kawaida za shamba, inajaa tope inakuwa duara tupu, inazunguka palepale. Tafuta R2, kashata zake zinaenda chini karibu mara mbili ya R1. Bei inatoa kijasho lakini hautamlipa mtu kukuvuta.

Tela_Kwanza
Mama Jaruba na hiyo R2 yako akiitoa kwenda kubeba mkaa barabarani si itaisha kama sabuni? Wengi humu trekta inalima wiki chache halafu mwaka mzima ni tela, maji, mchanga, harusi. Weka R4, kashata fupi pana, ubavu mgumu, kwenye changarawe inadumu.

Mama_Jaruba
R4 kwenye jaruba? Haya, ingia nayo halafu utupie picha.

Tela_Kwanza
Sina jaruba mimi, nina pesa ya tela.

Kamau_wa_Mwea
Jameni msipigane. Huku Mwea wengi wanaongezea magurudumu ya chuma kando ya tairi wakati wa kuvuruga tope, ukimaliza unatoa. Tairi linabaki la kawaida. Shida ni vijana wavivu kuzitoa wakitoka shamba, wanapanda nazo barabara wanachimba lami, halafu chifu anakuja kwako si kwa kijana.

MzeeWaMbuga
Nimesoma hapo juu mtu kataja rimu nikasita kuandika lakini acha niandike. Ilikuwa Kahama, trekta ya jirani yangu, rimu ya nyuma ilipasuka ufa karibu na tundu la valvu, kutu, maana mwenye mali wa mwanzo alijaza maji ya chumvi ndani sijui nani alimdanganya. Wakaipeleka kwa kijana wa kuchomelea. Jirani akasema toeni tairi kwanza, kijana akasema kutoa tairi la 24 ni kazi ya nusu siku na mtarimbo, mimi natoa upepo tu na kizibo cha valvu, hakuna kitu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara nanunua vocha. Nikaona ule mwanga wa bluu, mara moja, mara mbili, watu wanacheka, halafu ukapiga mlipuko ambao sikuwahi kuusikia hata machimboni. Bati za kibanda ziliruka. Tairi lenyewe liliondoka pale likapita juu ya bodaboda likagonga ukuta wa mashine ya kusaga, ukuta wa tofali ukaanguka. Kijana tulimkuta amekaa chini ameshika mkono ambao haukuwa umenyooka, anauliza "nani kapiga?" Sikio moja mpaka leo halisikii.
Baadaye fundi mmoja mzee akatueleza kuwa moto wa kuchomelea unachoma raba na mafuta yaliyomo ndani, inatoka gesi, gesi inajaa, inashika moto humohumo, haijalishi umetoa upepo. Tairi litoke kabisa kwenye rimu, hata kulegeza ubavu haitoshi.

kashata_moja
Mungu wangu.

Neema_Trekta
Yule wa bodaboda alipona?

MzeeWaMbuga
Alipona, aliacha pikipiki na kandambili moja.

Chuma_cha_Zamani
Hadithi. Mimi nachomelea rimu na tairi lake tangu enzi za Mzee Ruksa sijalipukiwa hata siku moja.

FundiDifu
Na wewe siku ukilipukiwa hutakuja kutuambia. Kaka acha. Hata kujaza tu tairi jipya likae kwenye rimu watu wanakufa, ukiona ubavu haukai usivuke psi 35, toa upepo, paka maji ya sabuni, anza upya, na simama upande wa kashata, si mbele ya ubavu wa tairi. Fundi pancha wa malori akiweka kompresa yake anapiga 60 anaangalia simu. Shambani nyuma 14 mpaka 20 inatosha, kwa mzigo soma ubavuni.

Chuma_cha_Zamani
Sawa profesa.

Mtanzania_Minnesota
Kuhusu maji ndani ya tairi ya kuongeza uzito, huku baridi wanajaza yale ya kuoshea vioo vya gari yasigande 😅 Nyumbani maji ya kawaida yanatosha kabisa, valvu iwe juu, jaza mpaka yaanze kutokea hapo, usijaze tairi zima. 11.2-24 inabeba kama lita 140 hivi kila upande, ndio hizo kilo.

Tela_Kwanza
Kilo 280 za maji nizizungushe barabarani kwa dizeli hii? Nunua vyuma vya kufunga kwenye rimu, unaweka ukilima unatoa ukibeba.

Mama_Jaruba
Vyuma vinaibiwa. Maji nani ataiba.

Kamau_wa_Mwea
😂😂 huku wataiba hata maji.

Neema_Trekta
Swali la kijinga, nilinunua mbili za nyuma Gerezani, fundi kazifunga, trekta inateleza kuliko hata zilipokuwa kipara. Nimepigwa?

FundiDifu
Simama nyuma ya trekta. Ncha ya zile V za kashata inaangalia juu au chini?

Neema_Trekta
Ngoja... chini.

FundiDifu
Amezigeuza. Ncha ndiyo inatakiwa ikanyage ardhi kwanza, kwa nyuma utaiona inaangalia juu. Kuna mshale ubavuni unaonyesha upande wa kuzunguka. Ahamishe ya kulia kushoto, lakini aangalie na sahani ya rimu (kile chuma cha katikati) imeelekea wapi, akihamisha bila kuangalia upana wa trekta unabadilika, utashangaa tairi linakwangua matigadi au limetoka nje matuta yanakanyagwa. Na nati azikaze tena baada ya saa chache za kazi.

Neema_Trekta
Nimempigia, anasema mshale ni nembo ya kampuni.

Mama_Jaruba
😂😂😂 huyo mwambie aje Ifakara tumpe R4.

Mwana_Usangu
Nashukuru wote, kesho napima na chaki. Ila nimeona mtu anauza 7-16 mtumba, kashata nzima kabisa, ubavuni kuna 2309. Nichukue?

kashata_moja
Wiki ya 23 mwaka 2009 hiyo mkuu. Likunje ubavu juani uone nyufa.

Tela_Kwanza
Kwa tela chukua.

FundiDifu
Usichukue.

Chuma_cha_Zamani
Chukua, nitakuchomelea na rimu.