Ufa kwenye kioo cha mbele cha Fielder: nizibe au nibadilishe?

BintiWaUtawala

Hamjambo wadau. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa.

Nina Toyota Fielder ya 2016, ile haibridi (ya petroli na umeme). Jiwe limenigonga kwenye barabara ya Eastern Bypass hapa Nairobi, upande wa Kamakis, nikiwa nyuma ya lori la kokoto ambalo turubai lake lilikuwa linapepea tu. Mwanzo kilikuwa kidoa cha ukubwa wa sarafu ya shilingi tano, upande wa abiria. Juzi asubuhi, na baridi hii ya Julai, nikawasha hita ipulize kioo. Hata getini sijafika nikasikia "tk!" na kidoa kikaota mguu. Sasa ufa ni kama urefu wa kidole cha kati, unapanda kuelekea katikati, pale kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Nimeulizia kwa mafundi watatu na kila mmoja ana lake. Wa kando ya barabara huku mtaani anasema atanitilia supagluu nisahau. Wa Industrial Area anasema unazibika, elfu tatu. Wa Kirinyaga Road hataki hata kuusikia huo mjadala: ana kioo kipya, anakifunga nikisubiri, elfu kumi na mbili. Shemeji yangu naye anasema niendeshe tu, kioo hakijaanguka.

Bima ni komprehensivu (ile bima kubwa), inaisha mwezi ujao, na sijui nikidai kioo watanipandishia. Nimfuate nani kati ya hawa?

MzeeWaProbox

Dada, shemeji yako ni mtu wangu. Probox yangu ina ufa kutoka upande hadi upande, na inatoka Machakos kwenda Gikomba kila alfajiri. Lakini kama pesa ipo, badilisha uishi kwa amani. Mambo ya kuziba ni kujipa matumaini.

kasuku_mweupe

Supagluu usithubutu. Ikishaingia ndani ya ufa haitoki tena, na hata ukimpata fundi wa maana baadaye, dawa yake haitapata pa kupita. Hapo umejichagulia kubadilisha bila kujua.

FundiVioo

Hii ndiyo kazi yangu, wacha nieleze kidogo.

Kioo cha mbele si kioo kimoja. Ni viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana jiwe likigonga kinapasuka lakini hakikumwagikii mapajani. Ukucha wako usipohisi kitu kwa ndani, basi inaelekea aliyeumia ni yule wa nje peke yake, na huyo hutibika. Aliye ndani akipasuka pia, au utando ukianza kuwa mweupe kama maziwa, hakuna cha kuziba hapo.

Namna tunavyoziba: tunabandika kifaa juu ya kidoa, tunavuta hewa na unyevu vitoke, kisha tunasukuma rezini, yaani gundi ya maji ya kuzibia kioo, iingie mpaka ncha ya ufa. Tunaikausha kwa taa ya UV, halafu tunakwangua na kung'arisha juu. Ufa huo haupotei kabisa. Ukiinamisha kichwa kwenye jua utaona alama hafifu. Kazi ya rezini ni kuurudishia uimara usiendelee kutambaa, si urembo. Fundi akikuahidi kwamba hautaonekana hata kidogo, muulize anatumia nini.

Kipimo tunachokwenda nacho wengi: kidoa kisizidi sarafu ya shilingi ishirini, yaani kama sentimita 2.5, na ufa usizidi sentimita 15. Ila urefu sio kitu cha kwanza ninachotazama. Natazama mahali. Ufa ukifika ukingoni siugusi hata ukiwa mfupi, kwa sababu pembeni ndipo kioo kimegandishwa kwenye bodi na ndipo mikiki yote ya matuta inaishia. Ukiwa mbele ya macho ya dereva nako siupendi, ile alama inayobaki hutawanya mwanga wa taa za magari usiku.

Wako, kwa maelezo, uko upande wa abiria na ni kama sentimita nane au tisa. Kwa urefu unazibika. Tupe picha, na utuambie ncha iko umbali gani kutoka ukingo wa juu.

BintiWaUtawala

Asante sana fundi. Picha nimeweka hapo juu. Ncha iko kama upana wa kiganja kutoka juu. Halafu niliweka alama ya kalamu kwa ndani pale ulipoishia juzi, leo umeipita kidogo.

NinaDeniLaSubaru

Kabla hamjaendelea. Dada, nyuma ya hicho kioo cha kutazamia nyuma kuna kisanduku cheusi chenye jicho la kamera kimeelekea mbele? Nauliza kwa sababu Fielder zilizotoka baada ya mabadiliko ya 2015 nyingine zina mfumo wa Toyota wa kuonya ukitaka kugonga na ukitoka kwenye mstari. Si zote, lakini haibridi ya 2016 inaweza kuwa nao.

Mimi Subaru yangu ina EyeSight, kamera mbili zimekaa hapo juu zikichungulia kupitia kioo. Nilipobadilisha kioo dashibodi ikawaka taa za manjano, na aliyekifunga akaniambia ni "betri". Haikuwa betri. Kamera ilikuwa inatazama dunia kupitia kioo kingine na hakuna aliyeiseti upya.

BintiWaUtawala

Kipo! Nilidhani ni cha kulipia barabara huko Japani.

NinaDeniLaSubaru

Hicho cha kulipia barabara ni kile kingine kinachoongea Kijapani ukiwasha gari 😂 Huyu wa juu ndiye wa kuheshimiwa.

FundiVioo

Sawa, hapo mambo yamebadilika, na nashukuru umeuliza.

Kwanza, kioo cha elfu kumi na mbili. Muulize yule wa Kirinyaga Road kama kina kibano cha kamera na uwazi wake pale juu. Fielder hiyohiyo ina kioo cha gari lisilo na kamera na kioo cha gari lenye kamera, na ukivitazama vimesimama dukani vinafanana. Cha kawaida kikifungwa kwako, kamera itabandikwa kwa kubahatisha au itaachwa ikining'inia na nyaya. Chenye kibano ni ghali zaidi. Halafu baada ya kufunga kuna kuiseti kamera kwa kompyuta na ubao maalum uliowekwa umbali unaotakiwa mbele ya gari. Si kila anayefunga vioo ana hivyo vifaa. Kwa hiyo ile bei uliyopewa si ya gari lako, ni ya Fielder ya jirani.

Pili, ufa wako unaelekea kulekule. Leo uko chini ya kamera. Ukiingia kwenye eneo inalochungulia hata nikiuziba, ile alama itabaki mbele ya jicho lake. Sitakubali kuuziba ukishafika huko.

Kwa hiyo mimi ningeuziba, na ningeuziba wiki hii. Faida nyingine ambayo watu hawaihesabu: kioo ulicho nacho kiligandishwa kiwandani. Gundi ile haijawahi kuguswa, fremu haina kutu, maji hayaingii. Nikikuondolea kioo kizima, hata niwe mwangalifu vipi, waya wa kukatia unaweza kukwaruza rangi ya fremu, na pakikwaruzwa bila kupakwa praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kutu inaanzia hapo.

MzeeWaProbox

Fundi, na wewe unakataa kazi ya elfu kumi na mbili? Hii Nairobi imebadilika.

FundiVioo

Mzee, leta Probox, yako sibishani nayo, ni ya kubadilisha 😂 Ufa kutoka upande hadi upande si wa kucheza nao. Kioo cha mbele hushikilia paa gari likibingirika, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufunguka ukiegemea kioo hichohicho. Kioo kikitoka, mfuko haupati pa kuegemea.

deski_la_bima

Nafanya kazi ya bima, nijibu upande huo.

Komprehensivu nyingi hapa Kenya zina kipengele cha kioo cha mbele chenye kikomo chake. Utakuta 30,000 au 50,000, lakini soma karatasi yako, usisome ya rafiki. Kwa kampuni nyingi dai la kioo peke yake halikatwi ile sehemu ambayo mteja hujilipia kwenye ajali. Kuhusu kupandishiwa au kupoteza punguzo la kutodai, hapo kampuni hutofautiana, kwa hiyo mwandikie wakala wako barua pepe na umwombe ajibu kwa maandishi. Jibu la simu halina shahidi.

La muhimu: usirekebishe kwanza ndipo udai. Ripoti, tuma picha za kioo na za gari namba ikionekana, leseni yako, logbuku (hati ya umiliki wa gari), makadirio ya bei, usubiri ruhusa. Wengi wana mafundi wao walioidhinishwa.

Kwa hesabu yako wewe: kuziba elfu tatu, mimi ningelipa mfukoni na kukiacha kile kikomo kizima mpaka bima iishe. Unapoifufua mwezi ujao, mwambie wakala gari lina kamera kwenye kioo na uulize kuongeza kikomo. Huwa ni nyongeza ndogo. Kioo chenye kibano pamoja na kuseti kamera kinaweza kupita 30,000, na kinachopita ni chako.

kasuku_mweupe

Na kama una thadi pati tu?

deski_la_bima

Thadi pati hailipi kioo chako. Inalipa uliyemgonga.

BintiWaUtawala

Nimewaelewa. Nimempigia yule wa Kirinyaga Road nikamuuliza habari ya kibano cha kamera, akanyamaza kidogo kisha akasema "hiyo tutaipanga". Nimeachana naye. Naenda kuziba Jumamosi. Kuna la kufanya mpaka siku hiyo? Na huyo wa Industrial Area nitamjuaje kama ni fundi kweli?

FundiVioo

Bandika selotepu safi juu ya kidoa, kwa nje. Maji na vumbi vikiingia ndani ya ufa rezini haishiki vizuri. Hita usiielekeze kwenye kioo kwa nguvu asubuhi, anza na hewa ya uvuguvugu. Egesha kivulini. Na tafadhali, usipeleke gari kwa vijana wa kuosha likiwa limetoka juani halafu wakipulize kioo na maji baridi ya pampu. Nimeletewa vioo vilivyopasukia hapohapo kwenye kuoshwa. Milango usiibamize madirisha yote yakiwa yamefungwa, hewa inasukuma kioo kutoka ndani.

Kumjua fundi: mtazame anavyoanza. Akianza kwa kukausha ufa na kufunga kifaa cha kuvuta hewa, mwache aendelee. Akifungua kichupa na kudondosha moja kwa moja, chukua funguo zako. Kwenye ufa wa mguu kama wako wengine hutoboa kitundu kidogo sana penye ncha ili usiendelee. Usishtuke, ni sehemu ya kazi. Pia akuambie kabla ya kuanza kwamba ufa unaweza kukimbia akiwa anaufanyia kazi. Hutokea, na anayekuficha hilo atakuja kubishana na wewe baadaye.

Siku utakayolazimika kubadilisha, tazama maandishi kwenye kona ya chini ya kioo: jina la aliyekitengeneza, na alama ya ubora, iwe JIS ya Japani au ile E ndani ya duara pamoja na 43R ya kimataifa. Gundi iwe ya yurethani, si silikoni ya kuzibia sinki. Muulize gundi hiyo inahitaji saa ngapi kabla ya gari kutembea, kisha usimkimbize.

NinaDeniLaSubaru

Ongezea na ile stika ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), ile namba ya tatu iliyobandikwa kioo cha mbele. Ukibadilisha kioo inakwenda nacho, ukijaribu kuibandua inachanika. Itabidi uombe nyingine. Watu hukumbuka hilo wakishasimamishwa barabarani.

BintiWaUtawala

Kumbe! Hilo halikuwa hata kwenye mawazo yangu. Sababu nyingine ya kuziba. Mungu awabariki wote, hata shemeji nimemtumia huu uzi. Amejibu "sawa" tu.

mtoto_wa_Kariobangi

Samahani kuingilia. Kioo cha nyuma cha Vitz yangu kimepigwa na mpira wa watoto, kikawa chenga zote. Fundi, kuna rezini ya hiyo?

FundiVioo

Hapana bro. Cha nyuma na vya milango kwa kawaida ni kioo cha aina nyingine, kimepashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla ili kikivunjika kiwe chembe zisizokata sana. Hakizibwi. Tafuta cha mitumba kutoka Japani, Kirinyaga Road vipo, na uhakikishe zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu hazijakatika na vile vituo viwili vya umeme pembeni bado vimeshika. Mpaka ukipate funika kwa nailoni ngumu, na ufyonze chembe zote kwenye viti kabla hujambeba mtu. Fungua uzi wako uweke mwaka wa gari, Vitz ziko za kila aina.