Naomba ushauri: paipu za breki za Canter zimeliwa na kutu

Wakuu, habari za kazi. Nina Canter ya 1997, inabeba samaki kutoka Kilwa kuja Dar. Maji ya chumvi yamemaliza paipu za breki za nyuma. Juzi pedali ilizama hadi chini. Kuingia uvunguni, oili inachuruzika pale klipu inaposhika chesisi. Ukikwangua kwa kucha, kutu inabanduka kama maganda ya kitunguu.

Fundi anataka akate kipande kibovu, aunge na paipu ya shaba ya friji. Hapo roho inasita, maana presha ya breki si ya friji hata kidogo. Mimi naona nibadilishe zote, ila niweke za chuma au za shaba-nikeli? Na hosi za mpira nazo nizitoe kabisa? Gari nimelipaki.