Mliowahi kula sushi za mkanda Japani, tupeane uzoefu: siku ya kwanza ilikuwaje?

Mleta mada (Fukuoka)
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anakuja huku mwezi ujao kusoma, na kabla hata hajapata viza alishaniambia anachotaka kula siku ya kwanza: zile sushi, vitonge vya wali na samaki mara nyingi mbichi, zinazopita kwenye mkanda mbele ya meza kama mabegi uwanja wa ndege. Nikaona tukusanye visa ili asije akaumbuka kama mimi.

Naanza na aibu yangu. Ilikuwa 2016, nina wiki mbili nchini, nimeingia peke yangu na njaa ya kutembea. Nikakaa kaunta. Mbele yangu kibomba kimetokeza, chini yake kitufe cheusi. Nikajisemea hawa watu kwa usafi hawana mfano, hadi maji ya kunawa wamekuletea mezani. Nikakinga mkono, nikabonyeza.

Ndugu zangu, yale ni maji ya chai. Yanachemka!

Nilipiga ukelele duka zima likageuka. Bibi mmoja wa kiti cha pili akanisogezea glasi yake ya maji ya baridi nichovye vidole. Kisha akachukua kikombe, akatia unga wa kijani kijiko kimoja, akasukuma kitufe kwa ukingo wa kikombe chenyewe, chai ikajaa, akaniwekea mbele. Hakusema neno. Sahani yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya mayai ya kukaanga juu ya wali, maana ujasiri wa vibichi ulikuwa umeniisha.

Dalali wa Magari (Nagoya)
Pole mkuu, kibomba hicho kimetuunguza wengi.

Mimi kisa changu ni cha mteja. Alikuja mzee mmoja kutoka Dar kukagua magari mnadani, jioni nikampeleka kwenye sushi za mkanda. Skrini ya kuagizia ni Kijapani kitupu, kwa hiyo yeye anaonyesha picha, mimi nasoma.

"Hii nini?" Tako.

Akanitazama kwa muda. Nikamwambia mzee wangu, samahani, ndivyo wanavyomwita pweza. "Na hii?" Saba. "Saba za nini?" Si hesabu mzee, ni samaki, wa jamii ya vibua. "Haya, na huyu mweupe?" Tai.

Akaweka vijiti chini. "Kijana, tai mimi sili."

Ilibidi nimtolee simu nimwonyeshe picha ya samaki mwenyewe, kafanana na changu. Mwishowe aliangukia kwenye pweza akamaliza sahani sita. Nikamwambia huenda hata huyu katoka Afrika, kwa sababu Japani inanunua pweza wengi sana Mauritania na Moroko. Akasema ndiyo maana hana ugeni mdomoni.

Kwa faida ya mdogo wako: anayeogopa vibichi aanze na pweza na kamba, mara nyingi wanakuwa wamechemshwa. Mkunga wa mchuzi mtamu naye huchomwa. Kuna udon, zile tambi nene za supu, kuna chipsi, kuna hata keki. Hatokufa njaa.

Bi Mkubwa (Beppu)
Jamani huyo mkunga wa mchuzi mtamu, Waislamu mumwache. Ule mchuzi hupikwa kwa mirin na sake, yaani pombe. Mie nilimla mwaka mzima kabla ya kuambiwa, Mungu anisamehe.

Samaki wenyewe hawana neno, taabu iko pembeni. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, lakini maduka mengine huongeza mirin humo humo. Mchuzi wa soya nao mwingi una alkoholi kidogo. Basi mie huuliza wali kwanza, na mkobani nina kichupa changu cha soya ya halali. Wahudumu hawajawahi kuninunia. Na mkanda mmoja huo huo unaopitisha samaki hupitisha pia sushi za nyama, kwa hivyo usiokote kitu kwa kupenda rangi tu.

Ila adui yangu mkubwa ni mwanangu. Duka tulipendalo, sahani zikiisha unazitumbukiza kwenye tundu mezani, na kila zikifika tano skrini inacheza mchezo. Ukishinda inadondoka toy ndogo. Basi mtoto anashiba sahani ya tatu, mama ndiye wa kumalizia! Juzi tumefika kumi na nne, mie pumzi juu, yeye kanikodolea macho: "Mama, moja tu." Nikaila. Hatukushinda.

Mtu wa Pwani (Yokohama)
Ile tangawizi ya pinki niliidhani ya kufungulia mlo, kumbe ni ya kusafisha mdomo kati ya sushi na sushi. Nilimaliza kikopo nikisubiri "chakula". Sina la ziada.

Mwalimu (Osaka)
Sasa wadau. Mimi Mkenya, nafunza Kiingereza huku, na naishi karibu na pale mambo yalianzia, Higashi-Osaka. Duka la kwanza la aina hii lilifunguliwa huko 1958, likaitwa Genroku. Mwenyewe, Yoshiaki Shiraishi, alikuwa na kaduka ka sushi, wateja wake wengi wafanyakazi wa viwandani wasio na pesa mingi, na hakuwa na watu wa kutosha wa kuhudumu. Siku moja akatembelea kiwanda cha bia cha Asahi akaona chupa zikisafiri kwa mkanda. Akasema hii ndiyo dawa. Ilimchukua miaka kadhaa kuitengeneza. Kona ndiyo ilikuwa kazi, kupata sahani zipinde bila kugongana. Halafu Maonyesho ya Dunia ya Osaka 1970 yakaieneza nchi nzima.

Mwendo wenyewe huwa karibu sentimita 8 kwa sekunde. Jaribu kuupima kwa mkono. Ikienda haraka kuliko hapo wali unakauka na mteja anaogopa kunyakua. Ikienda polepole mtu anakasirika. Mimi naona huyo jamaa alielewa njaa kuliko wapishi wengi.

Mleta mada
Mwalimu umenigusa, kwa sababu nina hofu mdogo wangu atafika akute mkanda umesimama. Mwanzoni mwa 2023 zilisambaa zile video za vijana wakilamba chupa za soya za mezani na kupaka mate sushi za watu zikipita. Tangu hapo maduka mengi makubwa hayazungushi tena chakula. Unagusa skrini, sahani yako inakuja mbio kwenye reli ya juu, inasimama mbele yako tu, basi. Kwengine wameweka skrini ndefu inayopitisha picha za sushi. Picha! Chakula ni kilekile na pengine kimetoka jikoni sasa hivi, lakini utamu kwangu ulikuwa kumwona samaki nisiyemjua akija kutoka mbali, nina sekunde kumi za kuamua, na jirani naye anamtolea macho.

Bei nayo si ile. Nilipofika, sahani ya vipande viwili ilikuwa yeni 108 pamoja na kodi. Oktoba 2022 Sushiro, moja ya kampuni kubwa za maduka haya, wakapandisha ya chini kabisa hadi 120, na wengine nao wakapandisha za kwao.

Mpita Njia (London)
Huku rangi ya sahani ndiyo bei, na mimi nilichagua kwa uzuri wa rangi. Paundi 41, chakula cha mtu mmoja. Mwambie asome kibao ukutani, hata Japani yapo maduka ya hivyo.

Dalali wa Magari
Na asirudishe sahani mkandani akishaigusa, hata kama kagundua ni natto, zile soya zilizochachushwa zenye utelezi na harufu kali. Hiyo ndiyo itakayomnunisha Mjapani. Wasabi, kile kikolezo kikali cha kijani, asihofu, maduka ya bei nafuu siku hizi huileta pembeni kwenye vipakiti. Akimaliza asijisumbue kupeleka chochote kaunta: abonyeze kitufe cha hesabu, ataletewa mtu wa kuhesabu rundo, au mashine itakuwa imeshahesabu.

Mkuu, kama mkanda umesimama Fukuoka, tafuta maduka madogo ya mtaani yenye mpishi katikati. Baadhi bado yanazungusha.

Mleta mada
Nimelipata moja, vituo viwili vya treni kutoka kwangu, nimekwenda kuhakikisha kwa macho. Linazunguka.

Nimemsomea dogo uzi wote kwa simu. Amesema anaanza na saba saba, na chai nimwekee mimi.