Yule muuza vifaa wa Moshi amelipuliza chujio kwa mdomo wake mbele ya macho yangu

Mama Begi Zito:

Ndugu wanajukwaa, salamu nitazitoa nikishatulia, kwa kuwa nimetoka dukani kwa yule bwana hivi punde na mikono bado inanitetemeka. Simtaji jina, wala hakuna haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kutafuta hema, fimbo ya kupandia mlima au jozi ya soksi nene katika mji wa Moshi anamfahamu: ni yule mwenye kofia ya sufu inayofunika masikio wakati jua la saa nane linayeyusha lami, ambaye huanza kutaja bei kwa dola na kumalizia kwa hasira.

Nilikwenda kununua kifaa cha kusafishia maji ya kunywa safarini. Sisi ni kundi la wafanyakazi kutoka Dar es Salaam. Tunakusudia kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na baadaye baadhi yetu tutatembea kwa miguu katika milima ya Usambara, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, ambako vijito hupita katikati ya mashamba na nyumba za watu kabla ya kumfikia msafiri. Nilimweleza yote hayo kwa adabu, kisha nikamuuliza maswali mawili tu. La kwanza, je, chujio hili linazuia virusi? La pili, je, likiganda usiku kule Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, asubuhi litakuwa bado linafaa?

Ndipo alipolipuliza. Alilitoa ndani ya boksi, akalitia mdomoni, akavimbisha mashavu, akapuliza mbele ya wateja wote mpaka likatoa mluzi, akalifuta kwa shati lake, akalirudisha ndani ya boksi, kisha akatamka kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika hadi kambi ya Mandara kule mlimani: "Hewa inapita, maji yatapita. Halafu wewe dada ni Mswahili mwenzangu, haya ni mambo ya wazungu; tumbo lako lenyewe ni chujio." Wateja wakacheka. Mzungu mmoja ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili naye akacheka, kwa kuwa aliona watu wanacheka.

Niliseme kwanza suala lenyewe kabla sijarudi kwenye mdomo wake. Machujio ya aina ile yana nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, na kuta za nyuzi hizo zina vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Vitundu hivyo vinatosha kuwazuia bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, pamoja na giadia na kriptosporidiamu, vijidudu vya kuharisha vya jamii ya protozoa, ambao ni wakubwa zaidi; lakini virusi vya homa ya ini aina ya A, vyenye upana wa takribani mikroni 0.03, vinapita hapo bila kupiga hodi. Virusi vya namna hiyo huingia majini kwa kinyesi cha watu, kwa hiyo maji ya chemchemi iliyo juu ya makazi hayawezi kuwa sawa na maji ya kijito kilichokwisha kupita uani kwa kijiji kizima. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niulize. Kipimo ambacho watengenezaji hukirejelea, yaani kile cha Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani cha mwaka 1987, kinataka kifaa kiondoe bakteria kwa asilimia 99.9999, virusi kwa asilimia 99.99 na protozoa kwa asilimia 99.9. Boksi alilonionyesha lilitaja bakteria na protozoa, na juu ya virusi lilikuwa kimya kabisa. Nilipomwekea kidole mahali hapo, alijibu kwamba virusi hufa kwa baridi ya mlima. Ndugu zangu, virusi hudumu muda mrefu zaidi katika maji baridi kuliko katika maji ya vuguvugu!

Swali la kuganda alilijibu kwa kupuliza mara ya pili. Naomba mnielewe: alilitoa tena ndani ya boksi, lile lile, akalitia tena mdomoni, ule ule. Nyuzi zile zikishalowa, maji yanayobaki ndani yakiganda huweza kuzipasua, na mpasuko wenyewe hauonekani kwa macho. Maji yataendelea kupita vizuri, pengine vizuri zaidi ya mwanzo, na wewe utapata habari baada ya siku kadhaa ukiwa umejikunyata nyuma ya jiwe. Ndiyo maana wenye uzoefu hulala na chujio ndani ya mfuko wa kulalia. Maneno hayo machache angeweza kuyasema kwa pumzi ile ile aliyoitumia kupuliza.

Kisha akaniambia nilipe, kwa sababu chujio "limeshafunguliwa". Limefunguliwa na nani? Limelambwa na nani? Nimekaa hapa stendi nikiuona ule mdomo kila ninapofumba macho. Msiniulize ninataka ushauri gani, kwa kuwa sikuja kutafuta ushauri. Nimekuja kulalamika.

Mzee wa Kibosho:

Mleta uzi, nimeyasoma malalamiko yako yote kwa makini, na bado sijaelewa kama unakwenda kupanda mlima au kuupeleka mlima maabara. Sisi tumekunywa maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, tangu utotoni, ng'ombe wakinywa juu yetu na bata wakioga chini yetu, na mpaka leo tuko hai.

Mpagazi Mstaafu:

Mko hai ninyi mliobaki, mzee wangu. Waliokufa hawana akaunti humu.

Dada, pole, lakini na mimi nina langu. Barafu hakuna maji. Yanayotumika kule tuliyabeba sisi mabegani kutoka Karanga, ambako ndiko mahali pa mwisho pa kuchota kwa njia hiyo. Sasa anakuja mteja na pampu ya mkono ya kuchujia maji, ya bei kubwa kuliko mshahara wangu, anapiga nayo picha, kisha ananikabidhi mimi niipampu alfajiri kwenye maji ya kukata vidole. Pampu inaziba kwa tope, inatakiwa ifunguliwe na kusuguliwa, na yeye yumo hemani anauliza kwa nini maji yanachelewa. Huyo naye aandikiwe uzi.

Fundi Mabomba:

Kwa heshima zote, naomba tuelewane juu ya kupuliza, kwa kuwa kupuliza si ujinga moja kwa moja. Chujio la nyuzi likiwa limelowa, hewa haipaswi kupita kwa nguvu za mapafu. Ikipita na kutoa mapovu, ujue nyuzi zimepasuka na kifaa hicho kimekwisha. Likiwa kavu, kama lilivyokuwa la dukani, hewa hupita hata likiwa zima, kwa hiyo bwana yule hakuthibitisha chochote zaidi ya kwamba ana mapafu. Swali langu kwa mleta uzi ni moja: alipuliza upande gani? Kama ni upande wa kuingilia maji machafu, basi mate yake yangenaswa pamoja na uchafu mwingine. Kama ni upande wa kutokea maji safi, hilo ni jambo tofauti kabisa.

Mama Begi Zito:

Upande wa kunywea, ndugu yangu. Mara zote mbili. Midomo yake ilikaa pale pale ambapo midomo yangu ilitarajiwa kukaa.

Kijana wa Makumbusho:

Astaghfirullah.

Bwana huyo huyo aliniuzia mimi vidonge vya klorini dioksaidi ambavyo tarehe yake ilikwisha kupita, na nilipolalamika alinijibu kwamba dawa ya maji haiharibiki bali inakomaa. Nilipomuuliza nisubiri muda gani kabla ya kunywa, alisema nihesabu hadi mia. Maelezo ya kwenye pakiti yalisema nusu saa kwa bakteria na virusi, na saa nne ili kummaliza kriptosporidiamu. Saa nne, wakuu! Niliketi kando ya mto nikiyatazama maji yangu hadi wenzangu walipofika kambini na kuanza kula.

Halafu, dada, mbona hujatuambia kama ulilipa?

Meno ya Meru:

Ninyi mnalia kwa ajili ya mate, wakati sisi wa chini ya mlima Meru tuna msiba wa kudumu. Jirani yangu alikwenda kwa muuzaji wa aina hiyo hiyo, hapa Arusha, akaambiwa kwamba chujio la kubeba mkononi huondoa "kila kitu", akalinunua ili wanawe wapate maji salama ya kisima. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji; hupita kwenye vitundu vyote mlivyovitaja, na mionzi na vidonge vya kuua vijidudu havina la kuifanya. Ukichemsha ndiyo unaiongeza, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna visima vinavyopita kiwango hicho kwa mbali, na meno ya watoto ndiyo yanayotoa ushahidi. Kinachosaidia ni makaa ya mifupa, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeyatumia kwa miaka mingi, nayo hayauzwi na mtu mwenye kofia ya sufu.

Pwani Hatuna Mlima:

Na chumvi je? Huku Unguja niliambiwa na mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba kifaa chake kingegeuza maji ya kisima cha pwani yawe matamu. Niliyachuja mara nyingi kupita kiasi, na yakatoka na chumvi ile ile, ila sasa yaking'aa. Nimekuwa mtu wa kwanza katika mtaa wetu kumiliki maji ya bahari yasiyo na bakteria.

Mzee wa Kibosho:

Ninarudia kwamba mfongo haukuwa na matatizo haya.

Betri Imekufa:

Mwenye haki ya kulalamika humu ni mimi. Niliepuka machujio yote na kununua kalamu ya mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa mionzi hiyo huviweza hata virusi: unaichovya, unakoroga kwa takribani sekunde 90 kwa lita moja, unakunywa. Hakuna aliyenieleza kwamba maji yakiwa na tope mionzi haifiki kila mahali na vijidudu hujificha kwenye kivuli cha vumbi, wala kwamba betri za kawaida hunyong'onyea kwa baridi na ni afadhali zile za lithiamu. Kule juu taa iliwaka, ikapepesa, ikanyamaza. Nilikoroga maji gizani kwa imani tu. Kiongozi wetu alinitazama, akanyanyua birika lake la maji yaliyochemshwa, akaniuliza kama kalamu yangu inaandika pia.

Sufuria ya Bati:

Kiongozi wako alikuwa na haki ya kukucheka. Kuchemsha kunamaliza bakteria, virusi na protozoa kwa pamoja, bila betri, bila vitundu na bila mdomo wa mtu. Yakishatokota sawasawa, dakika moja inatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 unaongeza ziwe dakika tatu. Pale Barafu, kwenye mita zipatazo 4,600, maji hutokota yakiwa kwenye takribani nyuzi 85 tu, na bado joto hilo linawaua.

Betri Imekufa:

Na mafuta ya taa anabeba nani? Maji yetu ya kuchemsha yalinuka moshi hadi nikashindwa kutofautisha kunywa na kuvuta.

Mpagazi Mstaafu:

Anayebeba ni mimi, kama kawaida.

Kijana wa Makumbusho:

Harufu ya moshi ni afadhali kuliko ya klorini. Mimi hutia ndimu.

Fundi Mabomba:

Ndimu hutiwa baada ya muda wa dawa kwisha, ndugu yangu, na si kabla. Ukiitia mapema, dawa inapambana na ndimu badala ya kupambana na vijidudu.

Sufuria ya Bati:

Ndimu ni nafuu. Mpishi wa kundi letu alitia vidonge vya klorini ndani ya chai iliyokwisha kuungwa maziwa na tangawizi, akasema anaisafisha kwa uhakika zaidi, ingawa maji yenyewe alikuwa ameyachemsha mbele yangu.

Pwani Hatuna Mlima:

Ilikuwa na sukari?

Sufuria ya Bati:

Ilikuwa na sukari nyingi kupita kiasi, na hilo nalo nililalamikia, lakini hakuna aliyenisikiliza.