Shamba la Dodoma: jekundu la mwinukoni, mbuga, au lile jeupe la karibu na lami?

mtafuta_eka: Wadau habari za jioni. Nimeonyeshwa mashamba matatu upande wa Chamwino, yote mteremko mmoja. La juu ni jekundu lenye kichanga, la chini kabisa ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni, na la kati ni tambarare, udongo wa kijivu kama mweupe, karibu na lami na bei yake ni ya chini kuliko yote. Nataka kuweka zabibu na sehemu nyingine mtama au alizeti. Lipi nichukue?

shina_la_zabibu: Jekundu bila kufikiria mara mbili. Zabibu haipendi miguu ikae majini, pale maji yanashuka na mizizi inaenda chini. Ila ujue udongo ule una wekundu wa chuma tu, rutuba haushiki sana, mbolea ya chumvichumvi ukiimwaga yote siku moja mvua inaipeleka, kwahiyo samadi ndo kila kitu, na ugawe mbolea kidogo kidogo.

mama_dengu: Mnaidharau mbuga jamani!! Mvua yetu hapa ni kama milimita 500 na kitu tu, nayo inaanza Desemba ikifika Aprili imeisha. Sasa mvua ikikata jekundu linakauka upesi, mbuga bado ina unyevu chini na mtama unaendelea kujaza suke. Dengu ndo usiseme, unapanda mvua zinaishia na unavuna. Shida yake moja, kulima. Ikilowa trekta inazama, ikikauka inapasuka nyufa mpaka mkono unaingia, kwahiyo una siku chache sana za katikati na ukizikosa umekosa msimu. Zabibu hapo usiweke kweli, nyufa zinakata mizizi.

bwana_udongo: Mkuu wote wawili wako sawa, maana udongo unabadilika kwa mpangilio toka kilimani hadi bondeni. Mtaalam wa udongo Geoffrey Milne aliyekuwa Amani kule Tanga alilieleza hilo mwaka 1935 kwa kutazama miteremko ya Afrika Mashariki hii hii, na wataalam dunia nzima bado wanalitumia. Ile mbuga kitaalam ni vertisoli, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Lakini mimi wasiwasi wangu ni hilo la kati. Sehemu kama hizo, kabla tu ya kufika mbugani, mara nyingi zina sodiamu nyingi. Juu unaona mchanga laini, ukichimba sentimita 20 au 30 jembe linagonga tabaka gumu kama tofali, maji hayapiti na mizizi haipiti. Fanya hivi, chukua kidonge kikavu cha udongo wa hilo tabaka, kidumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Baada ya masaa kadhaa maji yakiwa na ukungu wa maziwa kuzunguka kidonge, hiyo ni sodiamu. Usitumie maji ya kisima, visima vingi vya huku vina chumvi na yatakudanganya. Na pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikizidi 8.5 ndo kabisa. Dawa yake jasi (gypsum) ipo, ila inataka na maji mengi ya kuisafisha sodiamu ishuke chini, sasa hayo maji Dodoma unayatoa wapi?

mtafuta_eka: Duh, na dalali ndo analisifia hilo hilo, kanionyesha kona moja ina mahindi yamestawi balaa.

bwana_udongo: Uliza kama hapo palikuwa zizi. Samadi ya miaka inastawisha hata pasipofaa.

wa_kongwa: Na jekundu nalo lichimbwe, lisipewe sifa kwa rangi. Huku kwetu Kongwa Waingereza walianza mashamba ya karanga 1947, wakaja na matrekta wakiamini ardhi nyekundu inafaa, kumbe ina mfinyanzi, kiangazi ikakaza karanga hazing'oki, na mvua nazo zikawa chache. 1951 wakaacha. Chukua udongo, ulowanishe, uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada, ukitoa utepe mrefu usiokatika basi mfinyanzi upo mwingi.

shina_la_zabibu: Hapo kweli. Chimba shimo la mita moja, mawili au matatu kila shamba, kabla hujatoa hata advansi. Muuzaji akikataa usichimbe, achana naye.

mama_dengu: Na sampuli za maabara usichote kwenye kichuguu wala palipochomwa mkaa. Chota sehemu nyingi, changanya kwenye ndoo safi, ndo upunguze ibaki kama kilo moja. Mimi ningechukua jekundu eka za zabibu na kipande cha mbuga kwa mtama, kama mfuko unaruhusu.